Mstari Mmoja Unatosha: Utangulizi wa Filamu za Uhuishaji za Zagreb

Mtu amekaa kwenye benchi, na kando yake kuna mfuko wa karatasi. Nyuma yake hakuna nyumba wala mti. Kuna weupe mtupu, kama ukurasa ambao haujaandikwa. Wapita njia wanasimama mmoja baada ya mwingine, wanauchungulia mfuko na kutaka kujua kilichomo. Hilo ndilo jambo linaloibeba Znatiželja, yaani Udadisi, filamu fupi ya Borivoj Dovniković ya mwaka 1966. Mtazamaji aliyekulia kwenye katuni za Disney, zenye misitu inayopepea na nywele zinazometameta, anaweza kudhani kwamba kazi haijamalizwa. Akitulia kidogo tu, anagundua kuwa naye amenaswa: anautazama ule mfuko kwa hamu ileile ya wapita njia. Mchoraji amemwingiza ndani ya filamu bila kumchorea hata jani.

Kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mtazamaji huyo. Nia yake ni kumkaribisha katika somo la uhuishaji kupitia studio moja, Zagreb Film ya Kroatia, ambayo kuanzia mwaka 1956 ilitoa mamia ya filamu fupi za kuchorwa na kubadilisha fikra za ulimwengu kuhusu sanaa hii. Ziko studio kubwa zaidi, na ziko zilizopata fedha nyingi zaidi. Nimeichagua Zagreb kwa sababu katika filamu zake mifupa ya uhuishaji inaonekana wazi. Palipochorwa kidogo, kila kilichochorwa kinatakiwa kujieleza: kwa nini mstari huu upo, kwa nini rangi hii, kwa nini mtu huyu anasogea sasa na si nukta moja kabla. Anayejifunza kuuliza maswali hayo mbele ya filamu ya Zagreb atayauliza mbele ya filamu yoyote.

Tuanze na mahali na wakati. Zagreb leo ni mji mkuu wa Kroatia. Wakati tunaouzungumzia ulikuwa mji wa pili kwa ukubwa katika Yugoslavia ya Josip Broz Tito. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imemalizika karibuni, na mwaka 1948 Yugoslavia ilikuwa imefarakana na Stalin. Mjini humo lilichapwa gazeti la vichekesho la kila wiki lililoitwa Kerempuh, na mhariri wake, Fadil Hadžić, alikuwa amekusanya wachora vibonzo vijana wenye kipaji. Hao ndio walioamua kutengeneza filamu ya kuchora ya kulidhihaki kundi la nchi zilizomfuata Stalin katika ugomvi ule. Ikatoka Veliki miting, yaani Mkutano Mkubwa, mwaka 1951, kazi ya ndugu wawili, Walter na Norbert Neugebauer, pamoja na wenzao. Walikuwa wamejifunza kwa kubahatisha, kwa kutazama filamu za Kimarekani na kuchora tena na tena mpaka mwendo ukae sawa.

Asili hiyo ya gazetini ina uzito mkubwa. Mchora kibonzo cha gazeti ana nafasi ndogo na msomaji mwenye haraka. Akimchora waziri, hana muda wa kuchora kila kifungo cha koti. Anatafuta pua, tumbo au namna ya kusimama itakayosema yote kwa mkupuo. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezifuata kazi za mchora vibonzo Gado kwenye magazeti anaijua nguvu hiyo ya mstari unaoshika tabia ya mtu. Watu wa Zagreb waliingia katika filamu wakiwa na mkono uliofunzwa hivyo, na mkono huo ulibaki nao hata walipokuwa bado wanaiga mtindo wa Disney.

Baada ya Veliki miting iliundwa studio iliyoitwa Duga Film. Haikudumu. Mwaka 1952 nchi ilibana matumizi, studio ikafungwa, na vijana wakatawanyika. Miaka iliyofuata ni fupi, ila mwanafunzi wa historia hii asiiruke. Kikundi kidogo, wakiwamo Nikola Kostelac, Dušan Vukotić, Aleksandar Marks na Vladimir Jutriša, kilijipatia riziki kwa kutengeneza matangazo ya biashara ya kuonyeshwa sinemani. Tangazo lilipaswa kuwa fupi, la bei nafuu na la kukumbukwa. Hapo ndipo walipoanza kuondoa: kiungo kisicho na kazi hakisogei, mandhari isiyosema kitu haichorwi, mtu anaweza kuruka kutoka pozi moja hadi jingine bila kupitia hatua zote za katikati. Zagreb Film, kampuni ya filamu iliyoanzishwa mwaka 1953, ilipofungua studio yake ya uhuishaji mwaka 1956, vijana hao waliingia wakiwa tayari na lugha yao.

Ili kuielewa lugha hiyo, tupige hesabu kidogo. Filamu ya sinema hupita kwa kasi ya fremu 24 kila sekunde. Filamu ya dakika 10 ina fremu 14,400. Katika uhuishaji kamili, ule uliokamilishwa na studio za Hollywood katika miaka ya 1930, karibu kila badiliko dogo la mwili huchorwa upya, kisha kila mchoro hunakiliwa kwenye karatasi angavu ya seluloidi, hupakwa rangi na kupigwa picha juu ya mandhari. Kazi hiyo inataka jeshi la watu na shehena ya seluloidi. Zagreb haikuwa na jeshi, na seluloidi ilikuwa adimu kiasi kwamba zilizokwisha kutumika zilioshwa zikatumika tena. Mbinu ya uchache iliwawezesha kutoa filamu nzima kwa elfu chache tu za michoro.

Hapa ndipo wengi hukatiza hadithi: walikuwa maskini, umaskini ukawafundisha, sanaa ikazaliwa. Naomba msomaji asilikubali jibu hilo haraka. Studio maskini zilikuwapo katika miji mingi, na nyingi zilitoa nakala dhaifu za Disney zikasahaulika. Televisheni ya Marekani nayo ilipunguza michoro kwa sababu ya gharama, lakini katika sehemu kubwa ya katuni hizo upungufu unafichwa: midomo inasema na mwili umeganda, ili maneno yazibe pengo la picha. Zagreb haikuziba pengo. Ililifanya kuwa sehemu ya usemi wake. Uhaba unaweza kumlazimisha mtu kupunguza. Hauwezi kumfundisha apunguze nini.

Kulikuwa na sababu nyingine mbili. Ya kwanza ni jicho. Wachoraji hawa walizitazama kwa makini kazi za Jiří Trnka wa Prague, hasa filamu yake ya mwaka 1946 iitwayo Dárek, na waliona The Four Poster ya mwaka 1952, filamu ya waigizaji ambamo John Hubley na wenzake wa studio ya UPA ya Marekani walitia vipande vya uhuishaji vyenye michoro ya kisasa. Na mjini kwao kulikuwa na kikundi cha EXAT 51, kilichotetea sanaa dhahania wakati ambapo serikali nyingi za kijamaa ziliipiga vita. Vlado Kristl alikuwa mwanachama wa kikundi hicho kabla ya kuwa mwongozaji wa filamu. Kwa hiyo maumbo ya pembetatu, mapande ya rangi tupu na karatasi zilizokatwa na kubandikwa, tunavyoviona katika filamu za Zagreb, vina ukoo katika uchoraji wa kisasa wa Ulaya.

Sababu ya pili ni namna kazi ilivyopangwa. Studio nyingi kubwa zilikuwa na mtindo mmoja ambao kila mchoraji alitakiwa kuufuata. Zagreb iliacha kila mwongozaji awe na mkono wake. Fedha za umma zilibeba gharama, na utaratibu wa Yugoslavia wa wafanyakazi kujiendeshea mashirika yao uliwapa wasanii sauti katika kuamua kipi kitengenezwe. Ndiyo maana, wahakiki wa Kifaransa, Georges Sadoul akiwa mmoja wao, walipoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kuzungumzia “Shule ya Zagreb”, jina lilishika ingawa “wanafunzi” wa shule hiyo hawakufanana. Walichoshirikiana ni msimamo: kwamba filamu ya kuchora haina deni la kuiga uhai kama ulivyo, na kwamba inaweza kusema na mtu mzima kuhusu maisha yake.

Sura za mwanzo za kitabu zinahusu kizazi cha kwanza. Vatroslav Mimica alitoa Samac, yaani Mpweke, mwaka 1958, kuhusu karani anayemezwa na jiji na ofisi, filamu iliyotunukiwa tuzo huko Venice. Vlado Kristl aliichukua hadithi ya Don Quixote mwaka 1961 akaivunjavunja mpaka shujaa na msaidizi wake wakawa maumbo kama vyombo vya chuma, wakiandamwa na mashine na askari wa zama zetu. Mtazamaji wa kwanza huchanganyikiwa mbele ya Don Kihot, na ni haki yake. Tutaitazama polepole, kipande kwa kipande.

Dušan Vukotić ndiye aliyeliweka jina la studio vinywani mwa watu wengi. Filamu yake Surogat, yaani Kibadala, ya mwaka 1961, ilishinda Oscar mwaka 1962, ikiwa filamu ya kwanza isiyo ya Kimarekani kupata tuzo hiyo ya filamu fupi ya uhuishaji. Mwanamume mnene anafika ufukweni na kuanza kujaza vitu pumzi: kila anachokihitaji kinatoka kikiwa bapa, kinapulizwa, kinakuwa. Mwishowe anapuliza hata mwanamke. Mambo yanapomwendea kombo, anatoa vizibo na kuuviringisha ulimwengu wake kama mkeka. Akiwa njiani kurudi, msumari mmoja unamwonyesha kwamba yeye mwenyewe naye alikuwa pumzi tu.

Tazama jinsi umbo na maana vilivyoshikana hapo. Watu na vitu vya Surogat ni maumbo ya jiometria yaliyo bapa kabisa, yasiyojifanya kuwa na unene. Katika studio nyingine ubapa huo ungekuwa dosari ya kufichwa kwa kivuli. Vukotić ameufanya kuwa hoja: huu ni ulimwengu wa starehe zinazonunuliwa zikiwa zimekunjwa, na chini ya ngozi yake hakuna nyama. Hadithi hiyo ingekuwa ngumu kusimuliwa kwa waigizaji wenye miili, na ingepoteza makali yake kama ingechorwa kwa mtindo wa Disney. Kipimo changu cha kwanza kwa filamu yoyote ya uhuishaji ni hicho: je, ilihitaji kuchorwa, na ilihitaji kuchorwa hivi?

Kizazi cha pili kilitia nguvu zaidi mwelekeo wa mtu mmoja kuandika, kuchora na kuongoza filamu yake mwenyewe. Nedeljko Dragić alikuwa na mstari unaotiririka na kubadilika mbele ya macho. Filamu yake Tup-tup ya mwaka 1972, kuhusu mtu aliyekosa utulivu kwa sababu ya kelele za kugongagonga, iliteuliwa kwa Oscar, na Dnevnik, yaani Shajara, ya mwaka 1974, inakwenda kama mawazo ya mtu anayetembea mjini bila kujua aelekee wapi. Zlatko Bourek alichota katika sanaa za kienyeji na rangi nzito za vijijini. Pavao Štalter, akiwa na Branko Ranitović, aliigeuza hadithi ya Edgar Allan Poe kuwa Maska crvene smrti mwaka 1969, filamu ya giza na uzito wa mchoro wa rangi ya mafuta. Marks na Jutriša walitoa Muha mwaka 1966, ambamo nzi mmoja anakua mpaka anamzidi mwanadamu kimo. Weka filamu hizi kando kwa kando, na utaona kwa nini neno “shule” lazima litumiwe kwa uangalifu.

Ipo hata hivyo sura moja inayorudi mara kwa mara: mtu mdogo, asiye na jina, mwenye kofia au mkoba, anayekabiliwa na kitu kikubwa kuliko yeye. Mfano ulio wazi kabisa ni Zid, yaani Ukuta, ya Ante Zaninović, ya mwaka 1965. Mtu mmoja amekaa mbele ya ukuta na kungoja. Mwingine anakuja, anajaribu kila njia kuuvuka, na mwishowe anaupasua kwa kichwa chake na kufa. Yule aliyengoja anapita kwenye tundu, anakuta ukuta wa pili, anaketi tena. Hakuna neno linalosemwa, na mchoro ni mistari michache tu.

Filamu kama hiyo inaleta swali la siasa, na mwanafunzi atakutana nalo mapema. Je, ukuta ule ni serikali ya Tito? Ni Vita Baridi? Ni ubinafsi wa kila mahali, unaopita bure juu ya maiti ya mwenzake? Wasanii wa Zagreb walikuwa na nafasi pana kuliko wenzao wengi wa Ulaya ya Mashariki, na urasimu, uoga na upumbavu wa ofisini vilichekwa waziwazi. Nafasi hiyo ilikuwa na mpaka: Kristl alitengeneza filamu fupi ya waigizaji kuhusu jenerali, ikapigwa marufuku, naye akahamia Ujerumani Magharibi. Hata hivyo nasihi usigeuze kila filamu kuwa fumbo lenye jibu moja. Waliotengeneza filamu hizi waliondoa majina, bendera na sare kwa makusudi, ili kosa la mtu lionekane la mtu yeyote. Kuzirudishia bendera ni kubomoa kilichojengwa kwa jasho. Kazi ya mhakiki ni kushika mambo mawili kwa pamoja: nchi ambamo filamu ilizaliwa, na uwazi unaoiwezesha kueleweka mbali na nchi hiyo.

Uwazi huo unatokana kwa kiasi kikubwa na kuacha maneno. Filamu nyingi za Zagreb hazina mazungumzo, au zina sauti za kubwabwaja tu zinazobeba hasira, kiburi au mshangao. Mahali pa maneno pamechukuliwa na mdundo. Mtunzi Tomica Simović, aliyeandika muziki wa filamu nyingi za studio hii, aliufanya muziki uwe mshiriki: unamsukuma mhusika, unamcheka, unamkatiza. Kwa msomaji wa Kiswahili hii ni faida ya moja kwa moja. Filamu ya Kikroatia ya mwaka 1965 inamfikia bila mkalimani, naye anaweza kuihakiki kwa haki sawa na mtazamaji wa Zagreb.

Watoto nao hawakusahauliwa. Zlatko Grgić alianzisha Profesor Baltazar, mfululizo ulioendelea kati ya mwaka 1967 na 1978 na kufikia vipindi 59, akisaidiwa na Boris Kolar, Ante Zaninović na Milan Blažeković. Katika kila kipindi mkazi wa mji ana shida. Profesa anafikiri, anakwenda huku na huko, kisha mashine yake ya ajabu inatoa tone la dawa, na jambo linatatuliwa. Hakuna adui anayepigwa, wala ushindi wa mwenye nguvu. Wahakiki wa zamani waliupa mfululizo huu nafasi ndogo kwa kuwa ulikuwa wa televisheni na wa watoto. Mimi nimeutengea sura nzima, kwa sababu kutunga vipindi 59 vyenye msisimko bila mhusika mwovu ni kazi ngumu ya usanifu wa hadithi, na kwa sababu vizazi vya watazamaji wa Ulaya viliifahamu Zagreb kupitia huyo mzee mwema kabla ya kusikia jina la Vukotić.

Mwaka 1972 mji ulianzisha tamasha lake la kimataifa la filamu za uhuishaji, la pili kwa umri duniani baada ya lile la Annecy nchini Ufaransa. Mwaka huohuo Ronald Holloway alichapisha kitabu chake kuhusu studio hii, na kwa Kikroatia Ranko Munitić alikuwa akijenga nadharia ya uhuishaji kwa kuzitazama filamu za majirani zake. Baadaye Zdenko Gašparović alitoa Satiemania mwaka 1978, akiufuata muziki wa Erik Satie, na Joško Marušić alitoa Riblje oko mwaka 1980, ambamo samaki wanatoka baharini kuwavua watu. Yugoslavia iliposambaratika katika vita vya miaka ya 1990, fedha na soko vilivyoitegemeza studio vilisambaratika pia. Zagreb Film ipo hadi leo, na tamasha linaendelea; lakini zama za kutoa kazi nyingi kwa nguvu ileile zilikuwa zimepita.

Uwanja huu bado una maswali yanayongoja watu. Moja ni nafasi ya wanawake. Waongozaji wa zama za dhahabu walikuwa karibu wote wanaume, na katika filamu nyingi mwanamke ni kitu cha kutamaniwa tu, kama yule anayepulizwa katika Surogat. Je, Vukotić anaukosoa mtazamo huo au anaushiriki? Nitatoa hoja kwamba anafanya yote mawili, na nitafurahi msomaji akinipinga kwa ushahidi wa picha. Swali jingine ni la uchumi: kama uhuru wa msanii ulitegemea fedha za umma, ni utaratibu gani leo unaoweza kuzaa kazi kama hizi mahali ambapo mchoraji hulipwa na mtangazaji wa bidhaa? Kumbuka kwamba watu wa Zagreb waliipata lugha yao wakifanya matangazo hayohayo.

Kuhusu njia ya kujifunza, nina ombi moja. Usisome sura yoyote kabla ya kutazama filamu inayozungumziwa, nazo ni fupi, nyingi hazifiki robo saa. Itazame mara ya kwanza kwa raha, bila kalamu. Mara ya pili zima sauti, uone ni nini mwendo peke yake unasema. Mara ya tatu funga macho, usikilize tu. Mara ya nne simamisha picha popote, uhesabu vitu vilivyomo, kisha jiulize kingepotea nini kama kimoja kingefutwa. Katika filamu dhaifu, jibu mara nyingi ni kwamba kisingepotea kitu. Katika Zid au Surogat utafuta mstari mmoja na maana itaanguka nao.

Anza na hizo mbili, ongeza Tup-tup, kisha vipindi viwili vitatu vya Profesor Baltazar, na iache Don Kihot mpaka jicho limezoea. Andika unachokiona kwa Kiswahili chako, kwa maneno ya kawaida, kabla ya kuazima istilahi za wahakiki wengine. Taaluma hii haidai vifaa vya gharama wala safari ya Ulaya. Inadai muda, uangalifu, na ujasiri wa kusema “nimeona hiki” na kuonyesha ni kwenye fremu ipi. Karibu sana.